Mlango wa hekalu la Kerala "unaofunguka kwa mantra tu": kuna ukweli? Baba mdogo anataka kuuza ng'ombe

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kibuye, na kazi yangu kubwa ni mageti na milango ya chuma. Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi kwa sababu pesa zinazozungumziwa ni za ukoo.

Kuna bwana amemwendea baba mdogo. Anasema chini ya jengo moja la zamani la Wahindi hapa mjini, yale ya mawe yaliyojengwa baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, kuna chumba ambacho hakijafunguliwa tangu wenyewe waondoke mwaka 1968. Ndani kuna dhahabu ya hekalu. Mlango umefungwa kwa nyoka, tena nyoka wa dua, na mtu akiulazimisha mji mzima utapata balaa. Yeye atamleta mtaalamu kutoka India anayejua mantra, yaani maneno matakatifu ya kuufungua. Kila mshiriki atoe elfu arobaini za nauli na vifaa. Baba mdogo hana elfu arobaini, ila ana ng'ombe.

Ushahidi wa huyo bwana ni video. Inahusu hekalu la Padmanabhaswamy huko Kerala, kusini mwa India: vyumba vya hazina, mahakama, dhahabu ya mabilioni, na chumba kimoja kinachoitwa B ambacho mlango wake hauna tundu la ufunguo, komeo wala bawaba. Hufunguka kwa sauti ya mtu mtakatifu tu. Inaendelea kusema Wahindu wa kale walikuwa na sayansi ya sauti, na ndege, na mambo ambayo wazungu wameyaiba.

Nimeitazama kwa jicho la fundi. Mlango usio na bawaba unazungukia wapi? Lakini habari ya mahakama nimeikuta hata magazetini, kwa hiyo si yote ya kutungwa, na hapo ndipo mzee ananishinda kwa maneno. Kila nikipinga nyoka ananionyesha dhahabu. Isitoshe wananitaka mimi niende na mtungi wa gesi nikate geti la nje. Nisaidieni, hasa wenye kujua India.

Mwana wa Luanda (Vihiga)

Fundi, usiharakishe kucheka mambo ya wazee. Mimi ni Mnyole. Kwetu kuna ukoo wa Nganyi, waganga wa mvua, na kichaka chao kitakatifu kipo mpaka leo. Wanatazama miti inavyopukutisha majani, wanatazama wadudu na upepo, na wanakwambia mvua itakuja lini. Wakoloni waliwaogopa. Leo wataalamu wa serikali wenyewe wanakwenda kuwasikiliza. Sasa kama wazee wetu bila shule walijua hivyo, kwa nini Mhindi mwenye maandiko ya miaka elfu mbili asijue kufunga mlango kwa sauti? Sayansi haijafika kila mahali. Simtetei huyo bwana wa pesa, simjui. Natetea elimu ya kale.

Binti wa Nakuru

Kaka fundi, mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Nakuru, na babu yangu alikuwa na duka huko Molo. Habari hii inanigusa pabaya, nitasema kwa nini.

Hekalu la Padmanabhaswamy nimelifika. Lipo Thiruvananthapuram, na wanaoruhusiwa kuingia ni Wahindu peke yao: wanaume huvaa shuka la kiunoni vifua wazi, nasi tulivaa sari. Ndani mungu wetu Vishnu amelala juu ya nyoka Ananta, sanamu ndefu kiasi kwamba unaitazama kupitia milango mitatu, kichwa kwa huu, kitovu kwa ule, miguu kwa wa mwisho. Kwa hiyo nyoka ni wa kwao kweli, ni sehemu ya ibada. Anayetunga hadithi ya mlango wa nyoka hana haja ya kwenda mbali.

Dhahabu nayo ni ya kweli. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mali ihesabiwe, baada ya wakili mmoja aliyewahi kuwa ofisa wa polisi, T.P. Sundararajan, kushtaki kwamba haitunzwi vizuri. Chumba A kilipofunguliwa walikuta sarafu, vito na mikufu ya dhahabu, na makadirio ya magazeti yalifika rupia trilioni moja. Mzee Sundararajan alifariki Julai mwaka huohuo, akiwa na umri mkubwa, na papo hapo watu wakasema ni laana. Basi video zikapata chakula.

Chumba B nacho kina milango ya kawaida. Wahesabuji walipita ya nje, wakafika kwenye wa chuma, ukawa umekwama. Waliita fundi wa kufuli, kaka, hawakuita mtakatifu. Kabla hajafanya kazi, familia ya kifalme ya Travancore, ufalme wa zamani wa eneo hilo, ilipinga mahakamani kwa sababu za kiimani na kazi ikasimama. Mwaka 2014 mkaguzi Vinod Rai aliandika kwamba chumba hicho kilikwisha kufunguliwa mara kadhaa tangu 1990. Upande wa familia ukasema kilichofunguliwa ni chumba cha mbele tu. Mwaka 2020 mahakama iliiachia kamati ya hekalu iamue.

Sasa kinachoniumiza. Familia nyingi za Kihindu hapa Kenya asili yake ni Gujarat, si Kerala, ni mbali na lugha ni nyingine. Mahekalu yetu yalijengwa kwa michango ya wenye maduka, mafundi na makarani. Sadaka huhesabiwa na kamati na kupelekwa benki. Na waliohama 1968 hawakuzika dhahabu. Sheria za leseni za biashara zilizowabana wasio raia zilitungwa 1967, Uingereza ikawa inafunga mlango wake, watu wakakimbilia ndege. Bangili za nyanya yangu mzaa mama ziliuzwa wakati huo, zikawa tiketi za ndugu zake. Nani angeacha dhahabu chini ya sakafu huku anakopa nauli? Kila uvumi kama huu ukienea, anayelala macho ni askari wa usiku wa hekaluni, na mara nyingi ni Mluhya au Mjaluo mwenye mshahara mdogo. Tafadhali usikate hilo geti.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Dada, asante sana. Hapo pa "umekwama" nimeelewa vizuri. Mlango wa chuma ukikaa karibu na bahari bila kufunguliwa, bawaba zinashikana kwa kutu na ulimi wa kufuli unaganda. Hata hapa kwa unyevu wa ziwa naitwa kufungua milango ya stoo iliyokaa miaka michache tu. Unapiga mafuta, unapasha moto, unagonga. Geti silikati, hilo limeisha. Lakini mzee bado atanirudia na ile ya sayansi ya Wahindu, ndege na sauti. Hapo nijibu nini?

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Kijana wangu, nimefundisha hesabu na fizikia maisha yangu yote ya kazi, na swali lako limenifurahisha kuliko mengi niliyosoma humu. Jibu langu litakuwa refu.

Mzee wako asiambiwe kwamba Wahindu wa kale hawakujua kitu. Huo utakuwa uongo, naye atauona. Mwambie walijua mengi kuliko video inavyojua. Mtaalamu wa nyota Aryabhata mwaka 499 aliandika kwamba nyota zinaonekana kuzunguka kwa kuwa dunia ndiyo inayozunguka. Mwanahisabati Brahmagupta mwaka 628 aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri na kwa namba hasi, zile zile nilizowafundisha watoto wa Kidato cha Kwanza.

Sasa sikiliza la Kerala yenyewe. Karne ya 14 aliishi huko mtu aitwaye Madhava, wa Sangamagrama. Yeye na wanafunzi wake walipata njia ya kuikaribia pai, ile namba ya kupimia duara, kwa visehemu visivyo na mwisho, karne mbili na zaidi kabla ya mwanahisabati Leibniz kuipata njia hiyo Ulaya. Iko kwenye kitabu cha Jyeshthadeva cha miaka ya 1530 hivi, kwa Kimalayalam, lugha ya watu wa kawaida, pamoja na sababu za kila hatua. Mwingereza Charles Whish aliwaandikia wenzake habari hizo miaka ya 1830, nao hawakushughulika nazo kwa muda mrefu.

Chukua simu yako. Andika 4. Toa 4/3. Jumlisha 4/5. Toa 4/7. Jumlisha 4/9. Umepata 3.3397, bado uko mbali. Watu wa Madhava walikuwa na sahihisho. Umetumia visehemu 5, basi 4 mara 5 ni 20. Kisha 5 mara 5 ni 25, mara 4 ni 100, ongeza 1 ni 101. Toa 20/101. Umepata 3.1417, na pai ni 3.1416. Ukiishia kwenye kutoa, sahihisho unalijumlisha. Umefanya hesabu ya miaka mia sita iliyopita ukiwa Kibuye, bila mtaalamu wa kuletwa kwa ndege na bila elfu arobaini. Elimu ya kweli ya Kerala ndivyo ilivyo. Inakufungukia wewe kama inavyomfungukia kuhani.

Zile ndege nazo zilichunguzwa, na Wahindi wenyewe. Mwaka 1974 wahandisi watano wa taasisi kubwa ya sayansi ya Bangalore walikisoma kitabu kinachotajwa kwenye video kama hizo, Vaimanika Shastra. Walikuta hakiwezi kuwa cha kabla ya 1904, na vyombo vilivyochorwa humo visingeruka. 

Sauti inaweza kuvunja glasi nyembamba ikipigwa kwa mtetemo ule ule wa glasi. Haiwezi kuondoa kutu kwenye bawaba wala kuzungusha ulimi wa kufuli. Hilo wewe unalijua kwa mikono yako.

Kuhusu dhahabu, kuna jambo ambalo video hupita haraka nami ndilo linalonivutia. Imetoka wapi? Pilipili manga. Maelfu ya miaka merikebu zilifuata pepo za msimu kwenda pwani ile kununua pilipili, na Warumi walilipa kwa dhahabu mpaka mwandishi wao Pliny akalalamika kwamba India inawamaliza. Baadaye mfalme wa Travancore, Marthanda Varma, aliwashinda Waholanzi vitani huko Colachel mwaka 1741, akaishika biashara ya pilipili mkononi mwake, na mwaka 1750 akaukabidhi ufalme wote kwa Padmanabha, yaani Vishnu wa hekalu lile, akatawala kama mtumishi wa hekalu. Mali ya dola ikawa mali ya mungu, na makarani wakaiandika kwenye majani ya mtende. Kila sarafu ina mkulima na bandari nyuma yake. Jengo la duka la Kisumu lililojengwa na muuza nguo lina historia gani ya kuweka hazina ya namna hiyo?

Nakaa si mbali na Ikolomani. Tangu wazungu walipovamia Kakamega miaka ya 1930 kutafuta dhahabu, huku tunajua inavyotoka: kwa shimo, kwa maji, kwa zebaki inayoharibu mikono ya akina mama, na wakati mwingine kwa vifo. Na tumewaona wanaokuja na dhahabu isiyo na shimo. Nimezika jirani aliyeuza shamba kwa ajili ya zebaki nyekundu, kitu ambacho hakipo. Aliyemuuzia alikuwa na picha na karatasi za mahakama pia.

Mdogo wangu wa Luanda, Nganyi umewataja kwa haki. Lakini tazama walichofanya: walikubali kukaa na Idara ya Hali ya Hewa na kila upande ukatoa utabiri wake, mvua ikaja au isije mbele ya watu wote. Heshima yao imeongezeka kwa hilo. Mwiteni huyo mtaalamu wa mantra afanye vivyo hivyo. Fundi, funga mlango mmoja karakanani kwako, usimwonyeshe ufunguo, aufungue kwa maneno mbele ya baba mdogo. Baada ya hapo ndipo nauli izungumzwe.

Mwana wa Luanda (Vihiga)

Mwalimu, hapo nakubali. Waganga wetu wa mvua hawamwombi mtu ng'ombe kabla wingu halijaonekana. Fundi, nikiwa Kisumu wiki hii nitapita kushuhudia jaribio.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Nimerudi. Ile hesabu nimeifanya kwa visehemu tisa, nikatoa 36/325, nikapata 3.141597. Karakanani tukikunja bati la tangi tunatumia 22/7, na kwa pipa la kipenyo cha milimita 600 tofauti haifiki hata milimita moja, kwa hiyo sitabadilisha kazi. Lakini nimekaa na hiyo simu hadi chai ikapoa. Baba mdogo nimemfanyia pia, hatua kwa hatua, akaniuliza mtu huyo Madhava alikuwa kabila gani.

Jaribio la mlango nimempelekea huyo bwana kupitia kwa mzee. Amejibu kwamba mtaalamu hajaribiwi, ni dhambi. Baba mdogo amekaa kimya jioni nzima, kisha akasema ng'ombe hatoki mpaka mlango wa Kibuye ufunguke kwanza. Washiriki wengine wawili wamesikia nao wamezuia pesa zao. Jina la jengo sitalitaja humu, ila dada wa Nakuru, nimempa habari askari wa usiku wa hapo ili asilale mbali na geti.

Mwalimu, lile sahihisho la 20/101 lilipatikanaje? Binti yangu yuko Kidato cha Tatu, amenibana na sina jibu. Ukipata nafasi andika hatua zote, hata kama ni ndefu.