Skripti imepitisha ishara zote za kituo cha kupozea umeme. Niiamini?

FundiWaFida:
Wakuu, habari za kazi. Niko kwenye kituo cha kupozea umeme cha 132/33 kV, tunajiandaa kukabidhi mfumo mpya wa udhibiti. Orodha ina ishara 1,140. Tumekuwa tukizipima kwa njia ya siku zote: mwenzangu yuko uwanjani anagusanisha terminali kwa kipande cha waya, mimi niko chumba cha udhibiti natazama skrini, tunaulizana kwa redio. Siku nzima hatuvuki ishara 90. Ikifika saa tisa alasiri najikuta najibu "imekuja" kabla sijatazama vizuri, na hilo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo nimeandika skripti ya Python inayojifanya kituo cha kuongozea gridi. Inaungana na RTU (kifaa kinachokusanya ishara za kituo na kuzipeleka kwa waongoza gridi) kwa itifaki ya mawasiliano ya IEC 60870-5-104, mlango 2404, inauliza hali zote kwa mkupuo, kisha inalinganisha majibu na jedwali langu. Jana usiku ilizimaliza zote kwa dakika chache, hakuna hata moja iliyofeli. Ningepaswa kufurahi, lakini moyo umekataa kutulia.

DadaWaRilei:
Mdogo wangu, usiukemee moyo wako. Hilo jedwali umelitoa wapi? Kama umelichota kwenye faili lilelile lililotumika kuipanga RTU, hujapima kitu. Umemhoji shahidi, ukaenda kumuuliza yeye mwenyewe kama amesema kweli.

Yalinikuta. Anwani za fida (laini inayotoa umeme kituoni) ya 4 na ya 5 zilikuwa zimebadilishana kwenye faili. Skripti ikapitisha zote mbili, maana jedwali nalo lilikuwa na kosa hilohilo. Tuligundua pale tu tulipofunga breka (swichi kubwa ya kuwasha na kukata umeme) ya fida ya 4 kwa mkono, na kwenye skrini ikabadilika ya 5. Fikiria mafundi wako juu ya nguzo za fida ya 4, na mwongoza gridi anaamini ameshaizima. Andika jedwali lako kutoka kwenye michoro ya nyaya, hata likikuchukua siku mbili.

Jambo la pili, ukiuliza hali zote kwa mkupuo, majibu yanakuja na sababu namba 20, yaani "nimeulizwa", na hayana muda. Ishara iliyoganda tangu wiki iliyopita itakujibu vizuri tu. Unachotaka kuona ni badiliko lenyewe: sababu namba 3, yaani "imebadilika yenyewe", ujumbe wa aina ya 30 kwa ishara ya kawaida ya ipo au haipo, ya 31 kwa nafasi ya breka, pamoja na muda wake. Muda usiupuuze. Nimeshaona RTU iko nyuma kwa saa 3 kamili kwa kuwa iliachwa kwenye majira ya Greenwich.

Kontakti_Kavu:
Naongezea upande wa amri. Skripti isiwe na uwezo wa kutuma amri kwa anwani yoyote ile. Iwe na orodha fupi ya breka za leo tu, ambazo swichi zake za kutenga ziko wazi pande zote mbili na mtu amesimama kwenye paneli. Na kabla ya kila amri ya kutekeleza, isubiri binadamu abonyeze.

FundiWaFida:
Asante dada, asante mkuu. Nimeigeuza. Sasa skripti inataja jina la ishara, mwenzangu anaigusanisha uwanjani, na yenyewe inasubiri sekunde 10 ione badiliko lenye sababu namba 3. Ikitokea anwani nyingine yoyote imebadilika, inasimama. Amri zote nimeziondoa kwanza.

Leo tumepima 260, na imesimama mara mbili. Ya kwanza ilikuwa waya uliolegea. Ya pili, kengele ya joto la mafuta ya transfoma ilikuwa inaingia kama rilei ya Buchholz (inayogundua gesi ya hitilafu ndani ya transfoma), na jana usiku ilipita. Kesho asubuhi tunafungua kabati la transfoma tukiwa na mchoro mkononi.