Naomba ushauri wa udijei: nizime sinki?

Hamjambo ndugu zangu wa Malindi. Najifunza udijei kwa laptopu na kontrola, napiga harusi za mtaani. Kwenye amapiano sinki, yaani kitufe cha programu kinacholinganisha chenyewe mapigo ya nyimbo mbili, inanibeba. Mapigo ni ya kompyuta, kama 112 kwa dakika, hayayumbi. Balaa ni chakacha na taarabu za zamani. Ngoma ilipigwa kwa mkono, kasi inapanda inashuka, programu inasoma ndivyo sivyo, na nyimbo mbili zinagongana kama masufuria, kina mama washafunga leso viunoni!

Kaka mmoja anasisitiza nizime sinki kabisa, nibaki na hedifoni na kitelezi cha kasi. Mimi sioni sinki kuwa dhambi. Wazoefu, mlianzaje? Na chakacha mnaiunganisha vipi, ama mnaikata tu?