Naomba ushauri: taa imegoma kublinki baada ya kuchomea risasi

Wakuu habari zenu, mimi bado mgeni kwenye haya mambo ya elektroniki naomba mnisaidie. Nimetengeneza kale kasakiti ka kublinki taa ya LED kwa aisii ya 555 (kachipu ka miguu 8 kanakopanga muda wa kuwaka na kuzima), rezista 1k na 47k, kapasita 10uF, betri ya volti 9. Kwenye bredibodi (ile bodi ya majaribio ya kuchomeka tu bila kuchomea) ilikua inawaka na kuzima fresh kabisa, kama mara 3 kwa sekunde 2 hivi, nikafurahi nikaona sasa niihamishie kwenye bodi ya kudumu niunganishe miguu kwa kuyeyusha risasi, hapo ndo balaa likaanza, taa inawaka moja kwa moja haizimi.

Nimepima na multimita, pini ya 8 ya aisii (ya kuingiza umeme) inasoma volti 9, pini ya 3 (inayotoa umeme wa taa) kama 7.5, ila pini ya 2 na ya 6, ambazo ndo zimeungwa na kapasita, zinasoma sifuri tupu. Hapo nahisi kuna risasi imegusanisha miguu ya kapasita au yenyewe imekufa kwa moto, maana niliing'ang'ania na pasi ya kuchomea muda mrefu (mkono ulikua unatetemeka jamani). Au ndo nimeunguza aisii? Sikuweka soketi ya kuchomekea aisii, kuing'oa miguu yote 8 naogopa kubandua njia za shaba za bodi. Nianzie wapi?