Mrejesho: ile ngo-ngo-ngo ya mbele imekwisha

Wakuu, niliuliza kuhusu gari langu, Toyota IST, lililokuwa likigonga mbele kila nikipita matuta ya Mbagala. Mliosema nianze na bushi za stabilaiza (mipira inayoshika kile chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona), asanteni sana, mlipatia. Fundi alipoitoa ya kushoto, tundu lilikuwa limepanuka hadi chuma kinacheza ndani, na kibano chake kimeliwa na kutu. Nikanunua bushi mbili, vibano na linki zake (vyuma vifupi vinavyounganisha ncha za stabilaiza na upande wa gurudumu) Kariakoo. Tuliinua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, maana ukiinua moja tu chuma kinajikunja na bolti zinagoma kuingia. Grisi ya kawaida hatukupaka, inakula mpira. Jana nimepita matuta yaleyale na abiria wanne, kimya kabisa.