Goethe, Newton na ukuta mweupe: jicho linathibitisha nini?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Newton alisema mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na prizimu (kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu) huzitenganisha. Lakini ukitazama ukuta mweupe kupitia prizimu, ukuta unabaki mweupe. Rangi zinajitokeza kingoni tu, weupe unapokutana na weusi. Kwa hoja hiyo Goethe, mshairi wa Kijerumani, alimpinga Newton katika kitabu chake cha 1810: alisema rangi huzaliwa pale mwanga unapokutana na giza. Je, macho yalimdanganya?

Jibu la 1
Hayakumdanganya, mkuu. Kila nukta ya ukuta inatoa utepe wake wa rangi, na tepe hizo zinalaliana hadi weupe unarudi. Kingoni hakuna nukta jirani ya kufidia, hivyo rangi zinabaki. Prizimu ya kioo cha kawaida yenye pembe ya nyuzi 60 hutawanya rangi kwa takriban nyuzi 1.5, yaani kama sentimita 5 ukisimama mita 2. Bandika utepe mweupe wa sentimita 10 kwenye karatasi nyeusi, kwa mlalo: katikati patabaki peupe. Weka wa sentimita 1: weupe unatoweka, kijani kinatokea. Prizimu iwe sambamba na utepe. Ikiukatiza, kingo ndefu hazitoi rangi na utadhani jaribio limeshindikana. Kilele cha prizimu kikiwa juu, ukingo wa juu wa utepe ni bluu na urujuani, wa chini nyekundu na njano.

Jibu la 2
Naongezea. Goethe alisema kijani hicho ni njano na bluu zilizochanganyika. Ukuta hauwezi kuamua, maana nadharia zote mbili zinatabiri weupe. Kinachoamua ni prizimu ya pili: pitisha kijani peke yake kwenye upenyo wa milimita 2, kisha kwenye prizimu nyingine. Kingekuwa mchanganyiko kingepasuka. Kinapinda tu na kubaki kijani. Upenyo ukiwa mpana, rangi jirani zinapenya nazo, na utaona rangi mpya pembeni.

Mwenye swali
Kwa hiyo Newton alitazama bila nadharia?

Jibu la 3
Hapana, na hapa ndipo penye utamu. Kwa barua yake ya 1672, alipitisha mwanga wa jua kwenye tundu la dirishani na prizimu hadi ukutani: tundu lilikuwa robo inchi, ukuta uko futi 22, picha ya jua inchi 13¼ kwa 2⅝. Aliiweka prizimu mahali ambapo, kwa kanuni ya kupinda kwa mwanga iliyokubalika wakati ule, picha ilipaswa kuwa duara. Asiyeijua kanuni hiyo angefurahia rangi tu. Newton alishtushwa na urefu wa picha, mara tano ya upana wake. Hata hivyo hakuitupa kanuni papo hapo: kwanza alibadilisha unene wa kioo na ukubwa wa tundu, akachunguza dosari za kioo, na urefu ukabaki vilevile.