Mawese yetu na mafuta ya Indonesia: mkamuaji wa Kigoma anapata nini?

MtotoWaUjiji:
Mwakeye wakuu. Mwalimu wetu anasema utandawazi unamnyanyua maskini kwa sababu soko lake linakuwa dunia nzima. Bibi yangu yuko Ilagala, michikichi anayo tangu enzi za babu, mawese anakamua, na maisha ni yaleyale. Huku mjini maduka ya Mwanga yamejaa mafuta ya nje. Hiyo dunia nzima inamfikiaje bibi? Mliomo kwenye biashara nisaidieni.

MkamuajiSimbo:
Inamfikia mwanangu, tena bila kubisha hodi. Mimi nakamua hapa Simbo. Hakuna mtu wa Indonesia aliyewahi kununua dumu langu, ila bei yangu inatokea kwao. Wao na Malaysia wanatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Bei ikishuka huko, meli zinashusha mafuta ghafi Dar, viwanda vinasafisha, na mnunuzi wangu wa Mwandiga ananiambia, "Mama, mjini mafuta yameshuka," mkono uko kwenye dumu langu.

Sasa sikia ya 2022. Vita ya Ukraine ilibana mafuta ya alizeti, kisha Indonesia ikazuia mawese yasitoke nchini mwao, kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Bei ikapaa. Utasema wakamuaji tulicheka. Aliyecheka ni mwenye stoo! Mimi nilishauza msimu ulipochanganya, maana ada ya shule haingojei vita. Jirani yangu alishakula hela chikichi zikiwa bado juu mtini. Bei inapanda, mimi nina rundo la mise tu, yaani kokwa za chikichi, nikawauzia watu wa sabuni. Kwa hiyo ukiniuliza nani anafaidi utandawazi, nakujibu: anayeweza kusubiri.

Mzee_wa_Reli:
Mnajisumbua bure. Malaysia walichukua mbegu hapahapa Kigoma, leo wanatuuzia mafuta.

BwanaShambaMstaafu:
Hadithi hiyo tunaipenda sana, mkuu, ila mashamba ya kwanza ya kule yalitokana na miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848, miwili ikipitia Amsterdam. Walichotuzidi ni utafiti. Malaysia walikuwa wakichavusha maua kwa mikono mpaka 1981, walipoleta mdudu wa kazi hiyo kutoka Kameruni. Sisi wengi bado tumeng'ang'ania dura, kokwa kubwa nyama kiduchu. Tangu kampeni ya 2018 ya aliyekuwa Waziri Mkuu, Majaliwa, miche ya tenera, chotara yenye kokwa ndogo na nyama nyingi, inazalishwa kituo cha utafiti cha Kihinga hapa Kigoma. Bibi apande.

MkamuajiSimbo:
Shikamoo bwana shamba. Tenera ninayo, imeanza kuzaa, na mafuta inatoa kweli, sikatai. Lakini Mwandiga dumu la tenera na la dura bei ni moja, na ada inadaiwa mwezi uleule. Wenzetu wa korosho kule Mtwara wana stakabadhi ghalani: mzigo unawekwa ghalani, mkulima anapewa risiti, unauzwa baadaye. Mtoto wa Ujiji, kamuulize mwalimu wako: nani atapokea madumu yangu ghalani, anikopeshe ya ada, tuuze bei ikipanda? Akimjua anitumie namba leo, chikichi zimeshaiva.