Aboutrika: kwa nini Wamisri hawamsahau?

Swali: Mohamed Aboutrika hakucheza ligi za Ulaya wala hakwenda Kombe la Dunia na Misri. Mbona anapendwa hivyo?

Jibu: Tazama fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2008, Accra, dakika ya 77. Mwenzake Mohamed Zidan anampokonya mpira beki wa Kameruni, Rigobert Song, anaanguka, anausukuma katikati. Aboutrika keshafika, anafunga. Misri 1, Kameruni 0. Hakuwa na mbio nyingi. Aliisoma nafasi mapema.

Jibu: Na Radès, Tunisia, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2006, akiwa na klabu yake Al Ahly ya Cairo! Cairo ilikuwa sare 1-1 na Sfaxien ya Tunisia, marudiano yako dakika za majeruhi, akaachia kombora la mguu wa kushoto. Al Ahly bingwa.

Jibu: Ongezeni fulana yenye maneno ya kuihurumia Gaza, aliyoionyesha dhidi ya Sudan kwenye AFCON hiyohiyo ya 2008. Alilambwa kadi ya njano, mitaani akapendwa maradufu.